Sofabedi na makusudi manne ya Sarah Goode

Mteja akisimama mbele ya sofabedi, yaani sofa inayogeuka kuwa kitanda, pale Nsambya, Kampala, kando ya barabara ya Ggaba, kwanza hugusa kitambaa. Kisha huuliza bei. Akitaka kuiona ikifunguliwa, mimi ndiye ninayemfungulia, tena mara moja tu. Swali lenye uzito huja miezi kadhaa baadaye, kwa simu: "Fundi, mbona katikati pamezama?" Katika kazi hii ya samani za kukunja hakuna swali ninaloliheshimu kuliko hilo, na msingi wa jibu lake uliandikwa Marekani tangu mwaka 1885.

Tarehe 14 Julai mwaka huo, Sarah E. Goode wa Chicago alipewa hataza (haki ya mbunifu, yaani patent) namba 322,177 kwa kitanda ambacho kikikunjwa kinakuwa dawati la kuandikia. Goode alikuwa na duka la samani, na mumewe, Archibald, alikuwa seremala. Anahesabiwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kupewa hataza nchini humo. Chicago ya wakati huo ilikuwa ikijaa watu kwa kasi, wengi wao wakijibana kwenye vyumba vidogo, na muuza samani ndiye anayesikia kilio cha namna hiyo mapema.

Ninapoisoma hataza yake, kinachonivutia zaidi ya mchoro ni mpangilio wa hoja. Anataja makusudi manne. Kwanza, kitanda kikikunjwa kiwe samani nyingine yenye kazi yake, yaani dawati. Pili, uzito wa vipande vinavyokunjwa usawazishwe, ili kuvinyanyua na kuvishusha kuwe kwepesi. Tatu, vipande vikishafunguliwa vishikwe imara mahali pake. Nne, kitanda kikifunguliwa, tegemeo la ziada lijitokeze lenyewe katikati, chini ya matandiko.

Hilo la nne ndilo linaloonyesha kwamba Goode aliwajua walalaji. Kila kitanda cha kukunja kina kiungo, na mara nyingi kiungo hukaa karibu na nyonga, pale ambapo mwili wa binadamu unalemea zaidi. Tena amesema tegemeo lijitokeze lenyewe. Hakutaka mtu aliyechoka, usiku, ainame kutafuta mguu wa kuchomeka. Mpaka leo, nikiletewa sofabedi ya aina yoyote, iwe ya kutoka ng'ambo au ya jirani yangu hapa barabarani, naipima kwa mambo hayo manne.

Kukunja kitanda kwenyewe ni jambo la kale mno. Katika kaburi la Tutankhamun, lililogunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, kulikuwa na kitanda cha safari cha vipande vitatu kinachojikunja kwa umbo la Z, chenye bawaba za shaba. Fundi aliyekitengeneza zaidi ya miaka 3,300 iliyopita alikuwa anajua kazi. Napoleon naye alilala vitani kwenye vitanda vya chuma vya kukunja vilivyotengenezwa na fundi wa makufuli wa Paris aitwaye Desouches. Ila vitanda hivyo vilikuwa vya msafiri: mchana ni mzigo wa kubebwa. Goode aliwaza mtu ambaye hasafiri, anayeishi, kula na kulala ndani ya kuta zilezile.

Baada yake kila mbunifu alichagua kusudi lake la kulipigania. William Lawrence Murphy wa San Francisco, mwanzoni mwa karne ya 20, alikisimamisha kitanda ukutani ndani ya kabati, akitumia springi kusaidia mkono. Kilipata umaarufu mkubwa, hata mwaka 1989 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba jina "Murphy bed" limeshakuwa la kila mtu. Ni kitanda kizuri cha kulalia, maana godoro lake halikunjwi kabisa. Lakini uzito wote unategemea ukuta, na mpangaji wa Kampala hana ukuta. Ana ukuta wa mwenye nyumba, mara nyingi wa tofali moja jembamba, na ruhusa ya kutoboa hana.

Bernard Castro, mhamiaji kutoka Sicily, alianza biashara yake New York mwaka 1931, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati familia nyingi zilikuwa zimebanana katika nyumba ndogo. Kusudi alilolishikilia ni la pili, wepesi. Mwaka 1948 tangazo lake la televisheni lilimwonyesha binti yake Bernadette, mwenye umri wa miaka 4, akiifungua sofa mwenyewe. Sijui tangazo la samani lililosema ukweli wa kifundi kwa ufupi kuliko hilo. Mtoto wa miaka 4 hana nguvu za kunyanyua fremu ya chuma na godoro. Akiweza, basi springi zimebeba karibu uzito wote na kiungo cha kuzungukia kimewekwa mahali pake hasa.

Kampuni ya Simmons nayo ilikuwa imetoa Hide-A-Bed mwaka 1940, na kwa kampuni hizo mbili ule mtindo wa kuvuta ukaenea: unaondoa mito ya kukalia, unashika upau wa mbele, unavuta, na kitanda kilichokunjwa kinatoka tumboni mwa sofa. Huu ndio mtindo ambao watu wengi wakisikia sofabedi huufikiria, na ndio unaoniletea kazi nyingi ya ukarabati. Tuutazame kwa karibu.

Godoro lazima litoshe ndani ya sofa likiwa limekunjwa, na juu yake ibaki nafasi ya mito. Kwa hiyo unene wake huishia karibu sentimita 10 hadi 13. Chini ya godoro hilo kuna fremu yenye vipande kadhaa vilivyounganishwa kwa riveti, na mara nyingi kuna upau wa chuma unaokatiza upana wote wa kitanda. Sponji ikichoka, mgongo unaupata huo upau. Watu hulaumu godoro na kwenda kununua lingine la unene uleule, kisha baada ya muda mfupi wanarudi kwenye maumivu yaleyale.

Ugonjwa wa pili uko kwenye riveti. Kila kufungua na kufunga kunasugua tundu la chuma jembamba. Tundu la duara linageuka kuwa la mviringo mrefu, riveti inacheza, upande mmoja wa fremu unawahi kushuka kuliko mwingine, na hapo ndipo unasikia ule mlio wa kukwaruza. Kuigonga riveti kwa nyundo ni kupoteza muda. Mimi naikata, natoboa tundu upya mpaka lirudi duara, nachomelea kipande kifupi cha bomba kiwe ala ya kuzunguka bolti, kisha nafunga kwa nati yenye nailoni ndani ambayo haifunguki kwa mtikisiko. Kazi hiyo hufanyika Katwe kwa wachomeleaji kama huna mashine yako. Kiungo kikishatengenezwa hivyo, huwa kinaishi kuliko kitambaa.

Lakini hata kikiwa kizima, mtindo wa kuvuta ulikuja kuwa wa mgeni anayelala siku mbili akaondoka, katika nyumba yenye sebule. Hapa mteja wangu mkubwa anakaa muzigo, chumba kimoja cha kupanga, tuseme cha futi 10 kwa 10, yaani kama sentimita 305 kila upande. Sofa ya kuvuta ikifunguliwa hula karibu sentimita 230 kutoka ukutani. Inabaki chini ya sentimita 80 kwa meza ya televisheni, jiko, jerikani za maji na mlango. Na hiyo ni kila usiku, mwaka mzima, kwa watu wawili na pengine mtoto. Inataka kifaa kingine.

Kwa wateja wa namna hiyo nageukia Ulaya. Italia, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Arflex ilianza kutengeneza samani kwa sponji ya mpira na mikanda ya kunyumbuka kutoka kwa Pirelli, watengenezaji wa matairi, badala ya springi nzito na manyoya ya farasi. Mwaka 1954 Marco Zanuso aliwabunia sofa ya kulalia iitwayo Sleep-O-Matic. Mwaka huohuo Osvaldo Borsani alitoa D70 ya kampuni ya Tecno, sofa ambayo kiti na egemeo lake ni mabawa mawili yanayolala hadi kuwa bapa. Ukiitazama D70 unaelewa siri yake mara moja: hakuna kitanda kilichofichwa. Unapokalia ndipo unapolalia. Nikiwaona mafundi wenzangu hapa wakikata tyubu kuukuu za magari kuwa mikanda ya kubebea sponji, naona wazo lile la Pirelli likifanya kazi kwa mikono mingine.

Wazo hilo la mabawa mawili ndilo lililo pia ndani ya sofa ambayo Wafaransa huiita clic-clac, kwa mlio wa meno ya chuma. Unanyanyua kiti mpaka meno yalie, yanaachia, kisha kiti na egemeo vinashuka pamoja kuwa bapa. Kila bawa likiwa na upana wa sentimita 60, unapata kitanda cha 120 kwa 190, na chumba kinabakiwa na nafasi ya kupita. Kiungo kinafuata urefu wa mwili badala ya kuukata kiunoni. Wakilala wawili, kiungo kiko kati yao. Chini kunabaki sanduku la mablanketi. Kwa muzigo sijaona mtindo unaoushinda.

Vyuma vyake tunavinunua kwa jozi, cha kushoto na cha kulia. Fundi mwenye haraka huvifunga kwa kukadiria kwa macho, na hilo ndilo kosa kubwa, kwa sababu upande mmoja ukitangulia kwa milimita chache tu, meno hulia kwa zamu na fremu inapindishwa kila inapofunguliwa. Mimi nafunga kwanza bolti mbili za kila upande bila kukaza, nafungua na kufunga bila sponji mpaka nisikie mlio mmoja, ndipo nakaza zote. Mbao natumia mugavu ninayoichagua mwenyewe Ndeeba, iliyokauka vizuri. Musizi ni nyepesi na nzuri kwa egemeo la pambo, ila haitakiwi ibebe watu. Sponji ya kulalia kila usiku sishuki chini ya kilo 30 kwa mita ya ujazo. Nyepesi kuliko hapo inapendeza dukani tu.

Na bado, lile kusudi la nne la Goode linarudi. Bawa la clic-clac lina urefu wa sentimita 190 na limeshikwa kwenye vyuma vya pande mbili. Katikati, sentimita 95 kutoka kila upande, hakuna kitu, na hapo ndipo nyonga inapotua. Sofa nyingi zinazouzwa, za nje na za hapa, zimeachwa hivyo. Ndiyo maana simu inalia.

Mimi naweka mguu wa bomba la mraba la inchi moja katikati ya bawa la nyuma, ukining'inia kwa bolti moja. Egemeo likiwa limesimama, mguu unalala nyuma yake na hauonekani. Likishushwa, mguu unateremka kwa uzito wake mwenyewe na kusimama wima unapokutana na kizuizi kidogo nilichochomelea. Bawa la mbele linapata mguu wa namna hiyohiyo ndani ya sanduku. Sakafu za saruji za vyumba vyetu haziko sawa, kwa hiyo nchani naweka bolti yenye kofia ya mpira inayozungushwa kwa mkono. Mteja akihamia chumba kingine, anairekebisha mwenyewe bila kuniita.