Kwa nini siwashi kamera kabla ya kuchora

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: "Mama anapokea pesa kwenye simu, anafurahi." Tulikuwa watu wanne mezani, katika ofisi moja ya Ngong Road, Nairobi, tukipanga video ya sekunde 60 ya chama cha akiba na mikopo. Tulipoufikia mstari huo, kila mmoja aliitikia kwa kichwa na tukageuza ukurasa. Wiki mbili baadaye ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tumekubaliana kuhusu akina mama wanne tofauti. Mwenyekiti wa chama alimwona amesimama mbele ya kibanda chake, mboga zimejaa, nembo ya chama iko ukutani. Mpiga kamera aliona uso tu, tabasamu likichomoza polepole. Mhariri aliona kioo cha simu na kidole gumba. Mimi nilimwona kwa mbali, katikati ya soko, watu wakimpita huku na huku naye anacheka peke yake.

Tulirekodi picha yangu na ya mpiga kamera. Mhariri alipofika sekunde ya 22 akanipigia simu: "Bosi, anachekea nini?" Hatukuwa na simu popote kwenye picha zetu. Ikabidi turudi Marikiti, soko tulilorekodia. Mwigizaji alikuwa ameshafumua nywele na kuzikata, gauni la kukodi limerudishwa, na kucha zake zina rangi nyekundu ambayo siku ile hazikuwa nayo. Tukatafuta mikono ya dada mwingine. Kamera, gari, chakula cha watu saba na siku nzima ya kazi, yote kwa ajili ya picha ya sekunde mbili. Storibodi, yaani michoro ya video nzima picha kwa picha, haikuwepo kwa sababu mimi ndiye niliyesema hatuna muda wa kuchora.

Tangu siku hiyo sikubali kurekodi kabla ya kuchora, hata mteja akiwa na haraka kiasi gani. Maneno yana hila moja: kila anayeyasoma huona picha yake mwenyewe na kudhani wenzake wanaiona hiyo hiyo. Mchoro unawalazimisha wote watazame kitu kimoja. Asiyekubaliana nao anasema pale pale, wakati ambapo kubadilisha mawazo kunagharimu ufutio tu.

Storibodi ni visanduku vilivyopangwa kwa mfuatano, kila kisanduku kikiwa picha moja jinsi kamera itakavyoiona. Chini ya kila kimoja unaandika maneno yatakayosikika, sauti nyingine zozote, na sekunde. Huhitaji kuwa mchoraji. Mimi huchora watu wa vijiti, na wanatosha, kwa kuwa ninachotaka kujua ni mtu yuko karibu au mbali, yuko upande gani wa fremu, anatazama wapi na anaelekea wapi. Mshale ndani ya kisanduku ni mwendo wa mtu. Mshale nje ya kisanduku ni mwendo wa kamera.

Hebu nimchore upya mama yule. Kisanduku cha kwanza ni picha pana: kibanda, mwavuli, miguu ya wapita njia, sekunde tatu. Cha pili ni picha ya kati: anapanga nyanya, na simu imelala kando ya mizani, upande wa kulia wa fremu, kioo bado kiza. Cha tatu ni picha ya karibu sana: simu inawaka na kutetema, nyanya moja inabiringika. Cha nne ni uso wake, macho yanashuka. Hapa penseli husimama, kwa sababu lazima niamue macho yanashukia wapi. Simu iko kulia kwa fremu, kwa hiyo macho nayo yaende kulia. Yakienda kushoto, mtazamaji ataona mama anatazama kitu kingine kabisa. Hatajua kosa ni lipi, ila ataanza kuitilia shaka hadithi. Kosa la aina hiyo halionekani kwenye maandishi, na sokoni, watu wakipiga kelele na jua likiwaka, ni rahisi sana kulipita. Kwenye karatasi linaonekana mara moja.

Ndivyo ilivyo pia kwa watu wawili wanaozungumza. Kati ya muuzaji na mnunuzi kuna mstari usioonekana, na kamera inapaswa kubaki upande mmoja wa mstari huo. Ukiuvuka, kwenye video wote wawili wataonekana wanatazama upande mmoja, kama abiria wa matatu. Chora visanduku viwili vya vichwa na pua, ukiviweka sambamba utajua kama umeuvuka.

Nikimaliza kuchora, huchukua mkasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wachoraji wa studio ya Walt Disney walianza kubandika michoro ukutani kwa pini, na Webb Smith ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa mtindo huo. Uzuri wa pini ni kwamba karatasi inahamishika. Mimi hukata visanduku na kuvitandaza mezani, kwanza kwa mpangilio wa hadithi, kisha kwa mpangilio wa kurekodi, na mipangilio hiyo miwili haifanani hata kidogo. Kisanduku cha 2, cha 9 na cha 14 vyote viko kibandani, kwa hiyo vinarekodiwa pamoja, hata kama kwenye hadithi kati yake kuna safari ya kwenda nyumbani na kurudi. Nairobi, kuhamisha vifaa mara moja kutoka mjini hadi Kasarani kunaweza kumeza asubuhi yote, kwa hiyo meza hiyo ndiyo inayoniambia siku moja inatosha au la.

Jua nalo linaingia kwenye hesabu. Tuko karibu kabisa na ikweta, na mwaka mzima jua letu huchomoza na kutua takriban kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo. Likishachomoza hupanda moja kwa moja kwenda utosini. Mwanga laini wa asubuhi hauchelewi kuisha, na kufikia saa sita nyuso za watu zina vivuli vyeusi chini ya macho. (Julai, mawingu yakitanda siku nzima, shida hii hupungua.) Kwa hiyo visanduku vya nyuso nje navipa asubuhi na jioni, mchana naingia ndani au narekodi mikono na vitu. Na kisanduku kimoja chenye picha ya angani kinaniambia nianze mapema kufuatilia idhini ya droni kwa KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, nisije nikaikumbuka usiku wa kuamkia kazi.

Kuna jambo linalotuhusu hasa sisi tunaofanya kazi kwa Kiswahili. Maandishi mengi hapa huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hutafsiriwa, na yakifika kwetu yamerefuka. Kwa sekunde 30 mimi huandika maneno 50 hivi. Nasoma kwa sauti, saa mkononi, kidole kikipita kisanduku hadi kisanduku. Maneno yakiwa bado kwenye uso wa mama wakati kidole kimeshafika kwenye nembo, najua cha kukata. Bila hivyo, msimulizi atakimbizwa studio hadi maneno yakanyagane, na Kiswahili kinachokimbizwa hakimfikii mtu.

Siku hizi naletewa storibodi zilizotengenezwa na akili bandia, picha zinang'aa kama bango la barabarani. Sizipingi, lakini mkutano wa kwanza naendelea kuufanya kwa penseli. Picha ikishapendeza, mteja huanza kujadili rangi ya kitenge na umbo la hereni, na hakuna anayeuliza kama kisanduku cha tano kinahitajika. Mchoro wa vijiti hauna hereni. Mwenyekiti wa chama kile, tulipofanya naye video ya pili, aliweka kidole kwenye kisanduku cha saba akasema, "Kijana wangu, hapa mbona sielewi pesa zimetoka wapi?" Alikuwa na haki. Tuliongeza kisanduku kimoja pale pale mezani.

Harusi na mazishi hayachorwi, na anayefuata habari mtaani hawezi kujua nani atatokea wapi. Huko inatosha orodha ya picha ambazo huwezi kurudi nyumbani bila kuwa nazo. Kwa yanayopangika, wenzangu vijana huniambia kwamba kuchora kunaua ubunifu wa siku yenyewe. Mimi nimeona kinyume chake. Mwaka jana tulikuwa Kamukunji kwa mafundi wa mabati, na ilipofika saa nne asubuhi visanduku vyote vya asubuhi vilikuwa vimetiwa alama. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi, kwa hiyo tulikuwa na masikio. Fundi mmoja alikuwa anagonga karai kwa mdundo wake, na jirani yake, bila kumtazama, akaanza kumjibu kwa nyundo. Mpiga kamera alinitazama, nikamwashiria aendelee. Tulirekodi dakika 11. Mhariri alichagua sekunde nne tu, akaziweka mwanzoni kabisa, mahali palipokuwa na kisanduku changu cha kwanza.