"Kiwango cha maambukizi" ni nini, na kwa nini Kusini hatukushinda kitu

Maana yake nitaimaliza haraka kwa sababu si hapo penye kero. Kiwango cha maambukizi ni uwiano: watu wangapi wameambukizwa, kati ya watu wangapi, mahali gani, katika kipindi gani. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vinne, ulichonacho ni hesabu ya vichwa tu, na hesabu ya vichwa haiwezi kulinganishwa na ya jirani mpaka ujue jirani ana vichwa vingapi na nani alikwenda kuvihesabu.

Kero ni kauli hii: "Sisi Kusini kiwango chetu cha maambukizi kilikuwa chini kuliko wote." Utaisikia barazani Mikindani, utaisikia kwenye mnada wa korosho, utaisikia ndani ya basi la Dar likishavuka daraja la Mkapa na watu wameanza kuchangamka. Msemaji huanza na corona ya 2020. Ukimbana kidogo anahamia kwenye UKIMWI. Ukimbana tena anakupa sababu: jua letu, upepo wa bahari, muhogo, dua za wazee. Juzi nimeisikia kwa mtu msomi kabisa, tena akiisema kwa sauti ya mwenye ushahidi mfukoni, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Fahari hiyo naielewa. Mikoa ya Lindi na Mtwara imezoea kutajwa kwenye orodha za taifa pale panapouma: barabara, ufaulu wa shule, ahadi za gesi. Siku inapotokea orodha ambayo kuwa chini ni sifa, nani ataiacha ipite? Basi watu wakaisoma kama msimamo wa ligi, ila ligi ya aina yake, ambayo anayeshika mkia ndiye bingwa. Tatizo ni kwamba ile ya 2020 haikuwa ligi. Timu nyingi hazikuingia uwanjani.

Tukumbushane. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha, msafiri aliyetoka Ubelgiji. Tangazo la mwisho la hesabu ya taifa zima lilitolewa tarehe 29 Aprili: wagonjwa 480, vifo 16. Zanzibar iliendelea kutangaza siku chache za Mei, jumla ikafika 509, na namba hiyo ikaganda kwenye takwimu za dunia kwa zaidi ya mwaka. Kwa hiyo jedwali la mikoa ambalo watu wanalikumbuka kwa mapenzi namna hii ni la wiki sita, za mwanzo kabisa, wakati ugonjwa ulikuwa bado unashuka kwenye ndege na kuingia mjini. Wimbi la mwanzoni mwa 2021, lile ambalo misiba ilikuwa inaelezwa kwa maneno ya "changamoto ya upumuaji", halimo kabisa. Anayesema "mkoa wetu ulikuwa wa chini" anazungumzia Machi na Aprili, halafu anaitandaza kauli hiyo juu ya miaka miwili.

Na hata ndani ya wiki hizo sita, ni nani aliyehesabiwa? Aliyehesabiwa ni mtu aliyeumwa, akaenda hospitali badala ya kujifukiza nyumbani, akakutana na daktari aliyemshuku, akachukuliwa sampuli, sampuli ikasafirishwa hadi maabara ya taifa Dar es Salaam, ikapimwa, ikaonyesha kirusi, kisha jina la mkoa likasomwa. Hatua zote hizo. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500, na kutoka vijiji vya Nanyumbu au Liwale ongeza vumbi lake. Mtu wa Newala aliyebanwa kifua wiki mbili, akapiga nyungu ya mchaichai na mwarobaini, akapona na kurudi kwenye mikorosho yake, hakuwahi kuwa namba. Hakudanganya wala kuficha kitu. Hakupimwa tu. Kisha Mei maabara yenyewe ikaingia kwenye mjadala, Rais Magufuli aliposema sampuli za papai na mbuzi zilionyesha corona, na baada ya hapo hata waliokuwa wanafuatilia namba wakaacha kuzifuatilia.

Hilo ndilo jina lake halisi: "waliothibitishwa". Si walioambukizwa. Waliothibitishwa ni wale walioambukizwa na pia wakafikiwa na kipimo. Mkoa wenye wachache waliothibitishwa unaweza kuwa na maambukizi machache, unaweza kuwa na vipimo vichache, au vyote viwili. Namba peke yake haikwambii ni kipi, na kelele za barazani haziisaidii kusema.

Kuna jambo la pili, nalo ni la hesabu ya darasa la sita. Dar es Salaam kwa sensa ya 2022 ina watu 5,383,728. Lindi ina 1,194,028. Tuseme kwa kubuni tu kwamba ugonjwa fulani umeripotiwa kwa watu 120 Dar na watu 30 Lindi. Barazani Lindi imeshinda, tena kwa mbali. Gawanya sasa: Dar ni kama watu 2.2 kwa kila 100,000, Lindi ni 2.5. Mwenye 30 ndiye mwenye kiwango kikubwa. Mtu anayesema "kiwango" huku mkononi ana idadi amechukua neno la kugawanya bila kugawanya.

Nimesema fahari, lakini aibu nayo hufanya kosa hilohilo ikiwa imegeuzwa tu. Julai 2022 ilizuka habari ya ugonjwa usiojulikana wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, watu walitoka damu puani, wakawa na homa, kichwa na uchovu. Vipimo vya Ebola, Marburg na corona vikarudi bila kitu. Kabla jina halijapatikana, ulikuwa tayari umeshaitwa "ugonjwa wa Lindi", na sisi wa Mtwara, ambao kwa corona tulikuwa "Kusini" moja na Lindi, ghafla tukakumbuka kuwa mikoa ni miwili. Tarehe 18 Julai wizara ikatangaza kuwa ni leptospirosisi, homa ya mgunda. Mgunda kwa Kiyao ni shamba, Wayao hawahitaji kufafanuliwa. Ni bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wanaingia mwilini kupitia maji au tope lenye uchafu huo, hasa ngozi ikiwa na mchubuko. Dawa zake zipo, antibayotiki za kawaida. Na kwa kawaida binadamu hamwambukizi binadamu, kwa hiyo aliyekwepa kukaa siti moja na mtu wa Ruangwa alimkwepa bure.

Sasa angalieni namba zake, kwa maana hapa ndipo somo lote lilipo. Tangazo la mwanzo lilikuwa la wagonjwa 13 na vifo 3. Siku chache baadaye wagonjwa wakawa 20, vifo vikabaki 3. Mwenye kusoma kama msimamo wa ligi ataona ugonjwa umepanda kwa kasi. Lakini katikati ya matangazo hayo mawili wataalamu walikuwa wamefika na walikuwa wanawatafuta wagonjwa, na anayetafuta hupata. Tena gawanya: vifo 3 kati ya 13 ni asilimia 23, vifo 3 kati ya 20 ni asilimia 15. Ugonjwa ulionekana umepungua ukali kwa wiki moja, bila kirusi wala bakteria yeyote kubadilika tabia. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliojulikana. Wilaya nyingine ambako panya ni walewale na mashamba ni yaleyale haikuwa na hata mgonjwa mmoja kwenye karatasi, na sioni cha kujivunia hapo. Ruangwa ilipata namba kwa sababu kuna wahudumu walioona damu za pua, wakatoa taarifa. Kama lazima tutafute cha kujisifia, mimi ningeanzia hapo.

Nije kwenye UKIMWI, maana huko ndiko msemaji hukimbilia, na huko kidogo ana haki. Utafiti wa kaya wa 2016 hadi 2017 ulipima watu nyumbani kwao, haukungoja waje hospitali. Kwa Tanzania Bara, Njombe ilikuwa juu kabisa kwa asilimia 11.4 na Lindi chini kabisa kwa asilimia 0.3 ya watu wazima. Hiki ni kiwango kweli, kina kigawanyo, kina mahali na kina kipindi. Wana Lindi waliishika 0.3 hiyo kama kombe.

Ila ni kiwango cha nini? Wataalamu wetu wanakiita ushamiri, na neno hilo limeleta mkanganyiko wake. Kwa Kiswahili cha kila siku, kitu kikishamiri kinastawi, kinazidi: biashara imeshamiri, rushwa imeshamiri. Kwa hiyo mtu akisikia "ushamiri wa VVU Njombe ni asilimia 11" anasikia kwamba huko watu wanaambukizana usiku na mchana. Ushamiri wa kitaalamu hausemi hivyo. Unasema: leo tukisimama na kuhesabu, watu wanaoishi na virusi ni asilimia ngapi, awe aliambukizwa mwezi uliopita au aliambukizwa mwaka 1999. Wanaoambukizwa sasa wana hesabu yao, inaitwa maambukizi mapya, na hiyo ndiyo inayoonyesha kama moto unawaka.

Hizo mbili zinaweza kwenda njia tofauti kabisa. Tangu 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, watu ambao wangekufa wanaishi, wanalima, wanasomesha. Kila anayeendelea kuishi anabaki kwenye hesabu ya ushamiri. Mkoa unaotibu watu wake vizuri unaweza kukaa na asilimia kubwa miaka na miaka, na mkoa unaozika watu wake unaweza kushuka. Sasa mcheke Mnjombe kwa asilimia yake, lakini ujue sehemu ya asilimia hiyo ni watu waliookolewa.

Utafiti uliofuata, wa 2022 hadi 2023, ulikuta ushamiri wa taifa ni asilimia 4.4, na maambukizi mapya yapata 60,000 kwa mwaka, pungufu kuliko awali. Njombe ilikuwa 12.7. Wa chini kabisa kwa Bara safari hii ilikuwa Kigoma, 1.7. Maana yake Lindi haikukaa tena kwenye 0.3, na kombe, kama lilikuwapo, limehamia Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo nikamsikia yuleyule aliyekuwa anajisifu akianza kulaumu: wageni wa korosho, madereva wa malori, vijana wa siku hizi. Kwa nini ushindi ulikuwa wa tabia zetu njema na kushindwa kukawa kwa wageni, sijui.

Utafiti wa kaya haupimi mkoa mzima, unachukua watu kadhaa kwa niaba ya wote, na pale ambapo wenye virusi ni wachache mno, kaya chache tu zikibadilika asilimia inaruka. Ongeza watu wanaoishi muda mrefu zaidi kwa dawa, ongeza wanaohama na kuhamia. Kutoka kwenye 0.3 kwenda juu ya 1.7 kunaweza kuwa na maelezo kadhaa, na "watu wa Lindi wameharibika" halihitaji kuwa mojawapo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa kwenye basi, hukukosea sana. Ukitaka kuisema corona, sema "waliothibitishwa Kusini hadi mwisho wa Aprili 2020 walikuwa wachache", na hakuna atakayekubishia. Ukitaka kuisema 0.3, sema ni ushamiri, na utaje mwaka. Na ukitaka kujua kama watu wa Lindi wanaambukizwa zaidi siku hizi kuliko zamani, hapo unaulizia maambukizi mapya, na utafiti huo huyatoa kwa nchi nzima, hauyagawi kwa mkoa mmoja mmoja, kwa sababu watu waliopimwa katika kila mkoa hawatoshi kuyakadiria.