Tripu ya basi kwenda Dar na kurudi siku hiyohiyo: maneno ya watu na hali halisi

Ikikaribia Desemba huku Morogoro (Moro) magrupu yote yanaamka, vikoba, kwaya, wafanyakazi wa ofisi moja, kila mtu anataka ile tripu ya kwenda kuzunguka Dar, basi moja, mwongozaji mmoja, mnatoka alfajiri mnarudi usiku. Na maneno yanayosemwa kwenye vikao vya maandalizi ni yaleyale kila mwaka, mengine hayana ubaya, mengine ndo yanayofanya watu warudi wamenuna.

"Siku moja inatosha, jiji lote tunalimaliza"

Hamna kitu kama hicho. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa wa Dar, na jiji limenyooka kutoka Bunju mpaka Mbagala na Gongo la Mboto, kwa foleni zile unaweza kumaliza siku nzima unaangalia mgongo wa daladala. Kuna ratiba nimewahi kuonyeshwa ina Posta, Kariakoo, Mlimani City, Kigamboni, Coco halafu chini kabisa mtu kaandika "Mbudya kama muda utaruhusu". Mbudya ni kisiwa jamani, mnafika Kunduchi, mnatafuta boti, mnavuka, mnasubiriana kurudi, hiyo peke yake ni siku.

Vituo vitatu vinatosha, vinne mkijitahidi, na vyote viwe upande mmoja wa jiji. Mimi napenda huu mstari: Feri, soko la samaki, asubuhi, Posta kwa miguu, Makumbusho ya Taifa, mkitoka hapo mnashika barabara ya baharini, mnapita Daraja la Tanzanite lile la 2022 na linawatua Coco Beach moja kwa moja. Hamjaingia hata kwenye foleni ya Ubungo mara ya pili.

"Dar hamna cha kuona, ni maghorofa na joto"

Anayesema hivi mara nyingi Dar yake ni Magufuli Stendi, Kariakoo na kwa shangazi Tabata. Joto kweli lipo, hilo sibishi.

Lakini shukeni Feri mapema, soko la samaki, kabla jua halijakaza. Mnada unakwenda harakaharaka, samaki wamemwagwa juu ya meza ya zege, mnadishaji anataja bei na wanunuzi wanaitikia kwa kunyanyua kidole tu, mgeni hata hajui ni nani kachukua. Ukinunua wako unampelekea kijana wa kuparua magamba, anamsafisha mbele yako kwa hela kidogo, halafu unaenda upande wa wakaangaji, makarai makubwa yanachemka na moshi unawasha macho, baada ya muda unakula samaki uliyemwona akinadiwa. Watu wazima kabisa wanasahau kama kuna kituo kingine baada ya hapo. Ila vaeni viatu vya kufunika, chini ni maji ya samaki, kuna dada mmoja alikuja na sendozi nyeupe, basi tena.

"Posta yote kajenga Mjerumani"

Hii hata baadhi ya waongozaji wanaisema, na inaudhi. Ni kweli Kanisa la Azania Front na Kanisa la Mtakatifu Joseph ni kazi za wakati wa Wajerumani, yote mawili yalikamilika 1902, na ni kweli wao ndo walihamisha makao makuu ya koloni kutoka Bagamoyo kuyaleta Dar mwaka 1891. Lakini mji walikuta umeshaanza. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeamua miaka ya 1860 kujenga mji na bandari hapo jirani na kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 kazi haijaisha, ndugu yake Barghash aliyemfuata hakuwa na habari nayo mji ukapooza.

Alama ya Majid bado ipo, Boma la Kale pale Sokoine Drive, la 1866 na 1867 hivi. Simameni ukutani muangalie vizuri, ni mawe ya matumbawe, na mlango ni ule wa kuchongwa wa Kizanzibari. Kutoka hapo mpaka Azania Front ni mwendo mfupi tu wa miguu, sasa mtu ukiona majengo hayo mawili kwa kufuatana huhitaji hata kuelezwa sana nani alianza na nani akafuata.

Halafu Sanamu ya Askari, kwenye kipilefti cha Samora. Nimesikia mtu akiwaeleza wenzie kwa kujiamini kabisa kwamba ni askari wa Majimaji, mwingine akasema ni Mjerumani. Sio hivyo. Ile waliweka Waingereza mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na chini yake maandishi yapo kwa Kiingereza, kwa Kiswahili cha herufi hizi tunazotumia, na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Watu wanapiga selfi hapo wanaondoka bila kusoma hata mstari mmoja. Singe ya bunduki yake imeelekea bandarini, hiyo nayo ni nadra mtu kuigundua mpaka aonyeshwe.

"Mwongozaji wa nini, simu tunazo"

Simu itakwambia jengo linaitwaje. Haitakwambia muanze upande gani ili kivuli kiwe upande wenu, haitawahesabu watu arobaini kabla basi halijaondoka, na haitamzuia mzee wa kikundi kuingia duka la simu "dakika mbili tu". Shida ni kwamba kila mtu aliyewahi kukaa Dar anajiita mwongozaji. Kazi hii ina leseni, ipo kwenye Sheria ya Utalii ya 2008, kwa hiyo kuomba kuiona sio kumkosea mtu adabu. Na mimi naongeza kipimo changu, muulize Boma la Kale kajenga nani, akijibu Mjerumani mshukuru kwa muda wake.

"Makumbusho ni makumbusho"

Hapa ndo magrupu yanapotea kabisa, maana Dar ziko mbili. Makumbusho ya Taifa ipo mjini, mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Kijiji cha Makumbusho kipo Kijitonyama, barabara ya Bagamoyo, kama kilomita kumi kutoka mjini, na pembeni kuna stendi ya daladala nayo inaitwa Makumbusho. Sasa dereva wa kutoka mkoani ukimwambia tu "tupeleke Makumbusho" atauliza njiani, na wa njiani watamwelekeza Kijitonyama, mkishtuka mko Bagamoyo Road na mwongozaji anawasubiri Posta anapiga simu hazipokelewi.

Zote nzuri ila haziko sawa. Ya Kijitonyama ni nyumba za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi na mara nyingine kuna ngoma, watoto wanaipenda. Ya mjini ilifunguliwa 1940, ina habari za mwanadamu wa kale, historia ya pwani, na magari waliyotumia viongozi, ikiwemo Rolls-Royce iliyobeba magavana wa Kiingereza kisha Mwalimu Nyerere. Na hapa kuna uongo mwingine, kwamba vitu vyetu vyote vya maana viko Ulaya. Yule mjusi mkubwa, dinosaria, wa Tendaguru, Lindi, kweli yuko Berlin, wanasayansi wa Kijerumani walimchimbua kati ya 1909 na 1913. Lakini fuvu la Zinjanthropus, yule mtu wa kale, aliloliona Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, fuvu la miaka kama milioni 1.75, limetunzwa na Makumbusho ya Taifa hapahapa Dar.

Mbebe vitambulisho, kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha wageni.

"Kariakoo tunapita nusu saa tu"

Nusu saa ya Kariakoo haijawahi kuzaliwa. Basi kubwa mitaa ile haliingii, mtashushwa mbali, mtatembea, na mkishaingia kila mtu ana kaorodha kake mfukoni, mapazia, vitenge, chaja, sufuria. Mkikutana tena jua limezama na wawili hawapo. Lile jengo la soko lenyewe, mchoro wa Beda Amuli wa miaka ya 1970, lile lililoungua Julai 2021, ni zuri kuliangalia, ila kikundi kikitaka shopping pangeni siku ya shopping, msiichanganye na hii. Najua kwenye kikao hapa ndo watu watanuna, wanune tu.

"Bei imeshaingiza kila kitu"

Ulizeni kimojakimoja, viingilio, chakula cha mchana, maji, parking, posho ya dereva. Mwandaaji mmoja alituambia "ful paketi", ikafika mchana chakula ni soda na keki.

"Basi la rafiki wa mwenyekiti litatosha"

Litatosha kama lina kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kukodiwa na bima inayobeba abiria. Bila hivyo mtasimamishwa Mikese mkae juani huku mwenyekiti anapigia watu simu. Na Koster inapita vizuri mjini kuliko basi la siti hamsini, pale Posta hakuna pa kulipaki, linawashusha linaondoka kuzunguka.

"Sasa SGR ipo, basi la nini"

Hoja nzuri hii kidogo. Tangu Juni 2024 treni hiyo ya reli ya kisasa inawatoa Moro mpaka Dar kwa muda ambao basi bado linahangaika Chalinze na Kibaha. Ila mkifika stesheni watu arobaini mnaenda Coco na nini, bajaji kumi na nne? Wajanja siku hizi wanafanya vyote, treni ya alfajiri, halafu wanakodi Koster ya Dar kwa siku moja, na ukipiga hesabu ya mafuta ya kwenda na kurudi wala haipishani sana.

"Tunapiga picha popote, si nchi yetu"

Nchi ni yetu, Ikulu msipige. Wala kambi za jeshi. Kwenye kivuko cha Magogoni ulizeni kwanza. Kule Coco pigeni mpaka simu izime, mkiwa mmeshika mihogo na pilipili.

"Kurudi hata saa nne usiku poa, mabasi sasa yanatembea usiku"

Ruhusa ya mabasi kusafiri usiku ilirudi 2023, hiyo ni kweli. Lakini dereva wenu kaamka saa tisa usiku, kaendesha karibu kilomita 190, kazunguka na nyie kutwa kwenye joto, na bado ana Kimara na Mbezi saa ya watu kutoka kazini. Tokeni Coco saa kumi kamili, sio saa kumi ya kuanza kutafutana. Kikundi kikishikilia kukaa mpaka usiku, basi kabla ya kulipa hata advansi muulizeni mwenye basi kama dereva wa pili yupo, na jina lake liandikwe kwenye mkataba.