Mzinga mkubwa una thamani gani? Dhana potofu kuhusu silaha katika vita vya anga vya mezani

Kundi letu la Shangani, Mtwara, hucheza vita vya vyombo vya anga kwa dadu za ludo na vizibo vya soda. Kila anayejiunga huja na ubishi uleule: mzinga mkubwa ulipiwe pointi ngapi, zile ambazo kila mchezaji hununulia chombo na silaha zake? Ni ubishi wa maana sana, kwa sababu bei ikikosewa mchezo unakufa. Baada ya mechi mbili tatu kila mtu analeta chombo kilekile.

Dhana: Wastani wa madhara ukilingana, silaha zimelingana

Hii ndiyo inayoharibu sheria nyingi za kujitungia. Chukua mzinga mkubwa unaorusha dadu moja: ikitoka 4, 5 au 6 umepiga, na adui anapoteza uhai 4. Upande wa pili weka bunduki ndogo 4, kila moja na dadu yake, zinazopiga kwa namba hizohizo lakini kila pigo linaondoa uhai 1. Wastani kote ni 2 kwa zamu.

Sasa angalia unayempiga. Chombo kikibakiwa na uhai 1, mzinga una asilimia 50 za kukimaliza, bunduki zina 94 hivi. Kikiwa na uhai 4, mzinga unabaki palepale kwenye 50, bunduki zinaporomoka hadi 6, maana dadu zote nne lazima zikubali. Wape zamu mbili kwa chombo hicho cha uhai 4, mzinga unafika 75 na bunduki zinapanda hadi 64 hivi. Anayenunua mzinga ananunua nafasi ya kuua mapema, kabla adui hajajibu. Anayenunua bunduki ananunua uhakika.

Halafu mtu anaongeza ngao inayopunguza 1 kwa kila pigo. Mzinga unabaki na 3, bunduki zinabaki na sifuri! Sheria ya mstari mmoja imefuta silaha nzima mezani. Mimi napenda ngao inayohesabiwa kama uhai wa nje unaoliwa kwanza, kwa sababu inalinda chombo bila kubagua silaha.

Dhana: Masafa yakiwa mara mbili, bei nayo iwe mara mbili

Masafa yakiongezeka mara mbili, eneo linalofikiwa huongezeka mara nne. Lakini meza ina ukingo. Katika Full Thrust, mchezo wa Uingereza uliotungwa na Jon Tuffley, mzinga wa mionzi wa daraja la 1 una uzito 1 (yaani nafasi unayokula ndani ya chombo), wa daraja la 3 una uzito 4. Wa daraja la 3 hurusha dadu 3 ndani ya inchi 12, kisha 2 hadi inchi 24, kisha 1 hadi 36. Kwa uzito huohuo wa 4 unabeba minne ya daraja la 1: dadu 4 ndani ya inchi 12, ukizidi hapo hupati kitu.

Kwenye meza ya kulia chakula ya futi 3 kwa 5, inchi 36 ni upana wote. Zamu mbili tu vyombo vimeshabanana, na aliyelipia masafa amepata hasara. Dawa ni kupima kwa sentimita badala ya inchi, jambo ambalo mchezo wenyewe unaliruhusu.

Dhana: Angani risasi haisimami, kwa hiyo masafa ni uzushi

Kweli, hakuna hewa ya kuipunguza kasi. Kinachopungua ni shabaha. Mwanga wa mwezi hutumia sekunde 1.3 hivi kufika duniani. Adui aliye umbali huo unamwona alipokuwa, na risasi ni ya polepole zaidi. Kupunguza dadu kadiri umbali unavyoongezeka kuna mantiki.

Dhana: Mzinga mmoja mkubwa utafyeka maadui wadogo wote

Mzinga mmoja hupiga shabaha moja kwa zamu. Wakija wadogo sita wenye uhai 1 kila mmoja, kila pigo la 4 linapoteza 3 bure, na kwa wastani utahitaji zamu 12 kuwamaliza. Bunduki nne zikigawana shabaha, kazi hiyo ni ya zamu tatu au nne. Ndiyo maana hapa kwetu kila mchezaji hutangaza shabaha ya kila silaha kabla ya kushika dadu. Ukiruhusu mtu atupe kwanza ndipo agawe mapigo, bunduki ndogo zinakuwa na nguvu kupita bei yake, na hapo hesabu yote ya pointi inabidi ianze upya.