Je, wajua kwa nini watu wawili hutazama filamu moja na kutoka na maoni mawili?

Mmoja atakwambia ni filamu bora aliyoiona kwa muda mrefu. Mwenzake, aliyekaa kiti cha jirani na kutazama picha zilezile kwa saa mbili zilezile, atasema alipigana na usingizi tangu katikati. Wote wawili wanasema kweli, na wote wanashangaa mwenzao amepofukia wapi.

Jibu la haraka ni kwamba kila mtu na lake, kipenda roho hula nyama mbichi. Sawa, lakini jibu hilo hufunga mazungumzo pale yanapoanza kunoga. Kuna mambo yanayotokea kichwani mwa mtazamaji kabla ya filamu, wakati wa filamu na baada yake, na mengi kati ya hayo yameshapimwa.

Tuanze na ukubwa wa tofauti yenyewe, maana wengi huudharau. Mwaka 2017 mtafiti Pascal Wallisch wa Chuo Kikuu cha New York na mwenzake walichapisha matokeo ya utafiti ambao watu zaidi ya 3,000 walizipa alama filamu zaidi ya 200 walizowahi kuziona. Kisha walimlinganisha kila mtu na kila mwenzake. Katika kipimo ambacho 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni kutokuwa na uhusiano wowote, wastani wa watu wawili ulikuwa 0.26 tu. Na wahakiki, wale ambao kutazama filamu ndiyo kazi yao? Katika kubashiri mtazamaji wa kawaida atapenda nini, mhakiki mmoja hakuwa na nafuu yoyote kuliko mtu mwingine aliyeokotwa kwenye orodha. Kwa hiyo ukigombana na rafiki yako juu ya filamu, huo ndio mwenendo wa kawaida. La ajabu ni pale mnapokubaliana.

Lakini geuza upande wa pili uone. Filamu inapokuwa inaendelea, watazamaji hufanana kupita kiasi. Mtafiti Uri Hasson na wenzake waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakiwaonyesha vipande mbalimbali vya video, na mwaka 2008 wakaeleza walichokiona. Watu walipotazama kipindi cha televisheni kilichoongozwa na Alfred Hitchcock, bwana wa kutia watu roho juu, shughuli za takriban asilimia 65 ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, zilikuwa zikipanda na kushuka kwa mpigo mmoja kwa watazamaji wote. Walipoonyeshwa picha za kamera iliyoachwa tu ikirekodi watu bustanini, bila kuhaririwa, mpigo huo wa pamoja ulishuka chini ya asilimia 5. Maana yake ni kwamba mwongozaji na mhariri wanajua kutushika. Wanaamua jicho liende wapi, sikio lishtuke lini, moyo uende mbio dakika gani, nasi tunafuata.

Sasa kama tunashikwa pamoja namna hiyo, tunaachana wapi? Tunaachana kwenye maana.

Chukua tukio dogo, nalitunga hapa ili tulitazame kwa karibu. Baba anarudi nyumbani usiku wa manane. Mwanawe amelala kwenye kochi na viatu vyake. Baba anasimama, anamtazama kwa muda, anamvua viatu taratibu, anamfunika shuka, kisha anazima taa. Hakuna neno lililosemwa. Mtazamaji wa kwanza anaona upendo wa mtu asiyejua kupamba maneno, na koo linamkaba. Wa pili anaona mwoga: huyu baba huweza kumgusa mtoto wake akiwa amelala tu, akiamka anamkimbia. Wa tatu anaona sekunde arobaini za kitu kisichotokea. Macho yao yalikuwa kwenye viatu vilevile. Kila mmoja alikijaza kimya kile kwa kitu alichokuja nacho, na kuanzia hapo kila mmoja anafuatilia hadithi nyingine. Baba akilia mwishoni, wa kwanza atalia naye, wa pili atasema amechelewa, wa tatu atatazama saa.

Watu wa sinema wamelijua jambo hili karne nzima sasa. Katika Urusi ya baada ya mapinduzi ya 1917, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin ukiwa hauonyeshi hisia yoyote, akaupachika karibu na picha tofauti: bakuli la supu, mwanamke aliyelala kwenye jeneza, mtoto anayecheza. Kwa masimulizi ya mwenzake Vsevolod Pudovkin, watazamaji waliusifu uigizaji ule, wakaona njaa, wakaona huzuni, wakaona furaha, ilhali uso ulikuwa uleule. Filamu yenyewe ya jaribio hilo haikubaki, lakini funzo lake liko katika kila chumba cha kuhariria: uso uliotulia ni nafasi, na mtazamaji ndiye anayeijaza.

Na kinachojaza nafasi hiyo kinaweza kuwa kidogo sana. Mwaka 2017 Yaara Yeshurun, akishirikiana na Hasson huyohuyo na wenzao, waliwasikilizisha watu hadithi fupi ya mume anayempigia rafiki yake simu usiku akimtafuta mkewe. Kundi moja liliambiwa kabla kwamba mke huyo si mwaminifu na yuko hapohapo kwa rafiki. Kundi la pili liliambiwa mume ana wivu wa kupindukia na mke hana kosa. Maneno ya hadithi yalikuwa sawa mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, katika sehemu za ubongo zinazoshughulika na kuelewa mambo, watu wa kundi moja walifanana wao kwa wao na kutofautiana na wa kundi la pili. Maelezo machache tu, yaliyotolewa kabla ya hadithi kuanza.

Hapo ndipo naona uzito wa trela (vile vipande vifupi vya kuitangaza filamu), bango, na yule rafiki anayesema "nenda kaione, utacheka mpaka ulie." Aliyeingia akitarajia kichekesho atahesabu vicheko. Aliyeingia hana habari yoyote, akakuta hadithi ya huzuni yenye vichekesho viwili vitatu, ataona amepewa zawadi. Filamu nyingi zinazolaumiwa kwa kuboa zimeponzwa na trela iliyoahidi kitu ambacho mwongozaji hakukusudia kamwe.

Ushabiki nao una nguvu zake. Jaribio maarufu kuliko yote kuhusu hili lilitumia filamu ya mchezo. Mwaka 1951 timu za vyuo vya Princeton na Dartmouth huko Marekani zilicheza mechi ya rafu nyingi ya futiboli ya Kimarekani. Mchezaji nyota wa Princeton akavunjika pua na mmoja wa Dartmouth akavunjika mguu. Wanasaikolojia Albert Hastorf na Hadley Cantril wakawaonyesha wanafunzi wa pande zote mbili filamu ileile ya mechi na kuwaomba wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliyaona makosa ya Dartmouth kuwa zaidi ya mara mbili ya yale ambayo wanafunzi wa Dartmouth wenyewe waliyaona. Hakuna aliyedanganya. Ripoti yao ya mwaka 1954 ilikwenda mbali zaidi ya kusema watu wana mitazamo tofauti juu ya mechi moja: kwa waandishi hao, hapakuwa na mechi moja iliyokaa pale nje ikisubiri kutazamwa tu. Shabiki wa staa fulani, au wa kitabu ambacho filamu imetolewa, yuko kwenye hali hiyohiyo. Kosa la kipenzi chake ni mtindo, la mwingine ni uzembe.

Kisha filamu inakwisha, na kumbukumbu inaanza kupunguza. Barbara Fredrickson na Daniel Kahneman mwaka 1993 waliwaonyesha watu vipande vifupi vya filamu, vingine vya kupendeza na vingine vya kuchukiza, vya urefu tofauti, huku wakirekodi walivyojisikia hatua kwa hatua. Walipowauliza baadaye, urefu wa kipande ulikuwa karibu hauna maana. Kilichobeba hukumu ni kilele cha hisia na jinsi kipande kilivyoishia. Ndiyo maana filamu iliyokwenda vizuri kwa saa moja na nusu ikaharibu dakika kumi za mwisho huitwa mbaya kwa ukali ambao dakika hizo kumi peke yake hazielezi. Na ndiyo maana filamu iliyojikokota ikafunga kwa tukio zito husamehewa yote. Mimi huona si haki kwa waandishi wanaojenga hadithi kwa subira, lakini ndivyo kichwa kinavyotunza mambo.

Halafu kuna hili la kutoa sababu. Ukiulizwa kwa nini hukuipenda, utajibu upesi: hadithi ina mashimo, ilikuwa ndefu mno, adui hakueleweka alitaka nini. Je, hizo ndizo sababu? Timothy Wilson na wenzake, mwaka 1993 vilevile, waliwapa watu mabango ya picha wachague moja la kwenda nalo nyumbani. Baadhi waliombwa kwanza waeleze kwa nini wanapenda au hawapendi kila bango. Hao walielekea zaidi kwenye mabango ya vichekesho kuliko ya michoro ya sanaa, na wiki chache baadaye waliridhika na chaguo lao kidogo kuliko wale waliochagua bila kujieleza. Sababu zilizo rahisi kusemeka zilizifunika zile zilizowagusa kweli. Kwenye filamu, mashimo ya hadithi ni rahisi kusemeka. Mwanga uliomwangukia mwigizaji akakufanya umwamini ni mgumu kuusema. Ubishi wetu hujaa mambo ya aina ya kwanza kwa sababu hiyo. Badala ya kuuliza "iko vipi?", swali linalozaa zaidi ni "ni tukio gani limekubaki kichwani?" Hapo mtu huacha kutoa hukumu na kuanza kukuonyesha filamu aliyoiona yeye.

Alama za mtandaoni hazituokoi sana, hasa tusipojua zinapima nini. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ni sehemu ya wahakiki walioipendekeza filamu. Si kipimo cha jinsi walivyoipenda. Filamu ambayo kila mhakiki ameiona ni ya wastani lakini inatazamika inaweza kupata 100, na iliyowapasua watu kati, nusu wakiiabudu na nusu wakiichukia, ikabaki 50. Na maoni yanayotangulia huvuta yanayofuata. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2013, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor waliyapa baadhi ya maoni ya watu kwenye tovuti ya habari kura moja tu ya uongo ya kuyasifu. Mwishowe maoni hayo yaliishia na alama za juu kwa asilimia 25 kuliko yale ambayo hayakuguswa.

Mtu mwenyewe naye hubadilika. "The Shawshank Redemption" ilipotoka mwaka 1994 haikurudisha gharama zake kwenye majumba ya sinema. Ikaja kupata watu wake kwenye kanda za video za kukodi na kwenye televisheni, na kwa miaka mingi imekaa kileleni mwa orodha ya filamu bora kwa kura za watumiaji wa IMDb, tovuti ya taarifa za filamu. Hakuna picha hata moja iliyobadilishwa humo. Waliobadilika ni watazamaji, na namna walivyokutana nayo: sebuleni, bila haraka, mara nyingi kwa bahati tu.

Waliolipata kwa gharama kubwa somo la ugumu wa kubashiri ladha ya mtu ni Netflix, kampuni inayowapatia wateja filamu za kutazama nyumbani. Mwaka 2006 walitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeboresha kwa asilimia 10 programu yao ya kubashiri alama ambazo mteja angeipa filamu, wakawapa washindani alama takriban milioni 100 zilizotolewa na watu kama 480,000. Mabingwa wa hesabu wa nchi mbalimbali walihangaika karibu miaka mitatu hadi mshindi akapatikana 2009. Filamu moja iliwatesa kuliko nyingine nyingi, "Napoleon Dynamite" ya mwaka 2004, kichekesho ambacho watu ama walikipenda mno ama walikichukia, na kujua filamu nyingine walizozipenda hakukusaidia kubashiri wangeangukia upande gani.

Kazi hiyo ya kubashiri ina kanuni moja ambayo yeyote anaweza kuitumia bila kompyuta: anayekupinga daima ana faida sawa na anayekubaliana nawe daima. Rafiki ambaye kila anachokisifu wewe hukichoka ni mwongozo mzuri sana, mradi awe hivyo kila mara. Akisema filamu fulani ni ya taratibu mno, haina mapigano na mwisho wake haueleweki, kata tiketi.