Mshipa Haujaruka: Tunavyoikosea Misuli, Kano na Neva

Wiki haipiti bila mtu kuingia katika chumba changu hapa Kondele, Kisumu, akichechemea, na kabla hajaketi ananiambia, "Daktari, mshipa umeruka." Mwingine wake umepanda juu ya mwenzake. Mwingine umejikunja, au umekauka, au umeingia baridi. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila huku kwetu ukishakuwa na kitanda cha kulaza watu basi wewe ni daktari, nami niliacha kubishana zamani.

Ninalobishana nalo hadi leo ni hilo neno mshipa. Mshipa hubeba damu. Mshipa pia ni neva. Mshipa ni ile kamba ngumu nyuma ya kisigino. Mshipa ni ngiri. Na kijana anayenyanyua vyuma akikunja mkono atakuonyesha "mishipa" yake, kumbe anasifia misuli. Vitu vitano vimevalishwa shati moja. Sasa ukimwomba mama wa kukanda aurudishe mshipa mahali pake, atarudisha kipi?

Aliyewahi kununua nyama katika soko la Kibuye ameshaviona vyote, hajaambiwa tu majina. Steki nyekundu ni msuli. Ile ngozi nyembamba, nyeupe, inayoteleza kama karatasi ya nailoni juu yake, ni fashia, moja ya tishu unganishi. Pale nyama inapokaribia mfupa hugeuka kamba nyeupe inayong'aa, isiyotafunika: hiyo ni kano, inayofunga msuli kwenye mfupa. Ligamenti inafanana nayo, lakini yenyewe hufunga mfupa kwa mfupa. Kile kitu laini cheupe kinachofunika ncha ya mfupa ni gegedu. Neva ni uzi wa rangi ya maziwa ambao muuza nyama huutupa pamoja na mafuta bila kuutazama mara mbili. Ukiukata hauna tundu kama mshipa wa damu. Neva si bomba, ni mafungu ya nyuzi zinazopitisha ishara za umeme.

"Mguu umeteguka, ukandwe mshipa urudi"

Mwendeshaji wa bodaboda alikanyaga ukingo wa shimo akishuka kwenye pikipiki, wayo ukapindukia ndani. Jioni ile ile wenzake stejini wakampeleka akakandwe kwa mafuta ya moto. Alipofika kwangu siku ya pili, kifundo kilikuwa kimevimba kama nduma.

Wayo ukipindukia ndani, kinachoumia mara nyingi ni ligamenti iliyo mbele kidogo ya kifundo cha nje. Nyuzi zake huvutika au kuchanika, na vijishipa vya damu vilivyo karibu huvuja, ndiyo maana panavimba na kugeuka zambarau. Hakuna kilichoruka, wala hakuna cha kurudishwa. Ukikandamiza na kuvuta siku hizo za mwanzo unaongeza kuvuja, na kama kuna mfupa uliovunjika unausogeza. Kwa haki ya wakandaji niseme hili: nyuma ya kifundo cha nje zinapita kano mbili ambazo kweli zinaweza kuchomoka kwenye mfereji wake. Lakini hilo ni nadra, na kulirekebisha si kazi ya kidole gumba na mafuta.

Mbona basi waliokandwa hupona? Kwa sababu ligamenti iliyochanika kidogo hujiunga yenyewe kwa wiki kadhaa, na sifa anachukua aliyekuwa karibu. Siku za mwanzo inua mguu, funga bandeji isiyobana sana, weka barafu iliyofungwa kitambaani. Ukishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo ukapiga kelele, nenda ukapigwe eksirei.

"Mikono inakufa ganzi kwa sababu damu haifiki"

Hapa ndipo neno mshipa hutuponza zaidi. Mama mmoja mpishi wa chapati alikuja baada ya miezi mitatu ya kula kitunguu saumu "kupunguza uzito wa damu". Usiku vidole vinakufa, anaamka, anakung'uta mkono kama anayekausha maji, anarudi kulala. Nilimuuliza swali moja tu: mama, ni vidole gani?

Swali hilo ni nusu ya uchunguzi, maana kila neva ina shamba lake. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete vinahudumiwa na neva ya kati. Kidole cha mwisho na ile nusu nyingine ya cha pete ni vya neva ya alna. Damu haijui mipaka hiyo. Damu isipofika mkononi, vidole huwa vya baridi, hupauka au kuwa vyeusi, na hakuna kidole cha pete kitakachogawanyika katikati.

Mama alinionyesha vitatu na nusu. Neva ya kati hupita kwenye kifundo cha mkono ndani ya mfereji mwembamba, chini yake mifupa, juu yake ukanda mgumu wa ligamenti, na humo ndani imebanana na kano 9 za kukunja vidole. Kukanda unga kwa miaka, au hata ujauzito unaoleta uvimbe, hupunguza nafasi. Kano zinavumilia, neva haivumilii. Dawa ya kwanza ilikuwa kifaa cha kunyoosha kifundo cha mkono anachovaa usiku. Kitunguu saumu aendelee kukitia kwenye mboga.

Wanabodaboda wengi wao huja na ganzi ya kidole cha mwisho, kwa kuegemea usukani kutwa nzima kwa kitako cha kiganja, palepale inapopita alna. Neva hiyo hiyo hupita nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, ikiwa karibu uchi chini ya ngozi. Ukigonga pale na umeme ukakimbia hadi kidole cha mwisho, usiulaumu mfupa.

Hata mguu ulioukalia ukafa ganzi, anayelalamika ni neva iliyobanwa pamoja na vijishipa vidogo vinavyoilisha. Ganzi inayoanza kwenye vidole vya miguu yote miwili na kupanda taratibu kama soksi ni habari nyingine: kapime sukari. Kisukari huanza kuharibu neva ndefu kabla ya zile fupi. Ganzi ya ghafla ya upande mmoja wa mwili isingoje asubuhi.

Kitu kimoja zaidi, kwa sababu wagonjwa hukata tamaa. Neva iliyokatwa ikaunganishwa huota upya kwa mwendo wa karibu milimita 1 kwa siku. Ukikatwa karibu na kiwiko, sentimita 30 za kufika vidoleni ni takriban mwaka. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia maneno.

"Magoti yameisha grisi, kula mrenda"

Nakula mrenda, uwe apoth ya kwa Mluo au murere wa kwa Mluhya, mara mbili kwa wiki, na ugali wa wimbi nikiupata. Ni mboga nzuri, ina chuma na kalisiamu. Lakini ute wake hauendi magotini. Ute ule ni aina ya wanga inayonata. Huingia tumboni, sehemu huliwa na bakteria wa utumbo mpana, nyingine hutoka. Bamia ni hivyo hivyo. Supu ya miguu ya ng'ombe nayo ni kolajeni iliyoyeyushwa kwa moto mrefu, na tumbo likiipokea huikatakata vipande vidogovidogo ambavyo mwili huvitumia utakavyo. Haina anwani ya goti lako.

Maji ya goti hutengenezwa na utando wa ndani wa kiungo chenyewe, unaochuja majimaji ya damu na kuongeza kemikali ya kuyafanya yateleze. Goti zima lililo na afya huwa na chini ya kijiko kimoja cha chai. Hayaishi kama oili ya injini. Goti lililochakaa mara nyingi ndilo huwa na maji mengi kupita kiasi, na ndiyo maana linavimba.

Kinachochakaa ni gegedu. Gegedu haina mshipa wa damu hata mmoja, na haina neva. Hula kama sponji: ukikanyaga, majimaji hukamuliwa nje, ukiinua mguu, hunyonya mengine yenye lishe. Kwa hiyo mzee anayeambiwa akae tu kwa sababu magoti yamekauka anaambiwa kinyume cha mambo. Namwambia, jaduong', tembea hadi kituo cha matatu, polepole, kisha tuimarishe msuli wa mbele ya paja, maana huo ndio unaobeba mzigo kabla goti halijaubeba.

"Sindano ya mgongo hupoozesha"

Hii ningeipigia kengele mlango hadi mlango. Mtoto ana homa, shingo imekakamaa, daktari anashuku ugonjwa wa utando wa ubongo na anataka kutoa maji kidogo mgongoni ayapime. Mzazi anakataa, kwa sababu jirani alimjua mtoto aliyetolewa maji akapooza.

Ndani ya pingili za mgongo umo ugwe wa mgongo, ambao ni ubongo uliorefuka kushuka chini. Kwa mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 45, na jozi 31 za neva hutoka humo kwenda mwilini. Ila ugwe haufiki mwisho wa mgongo. Huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Chini ya hapo umo mfuko wa maji wenye neva zinazoning'inia kama mkia wa farasi. Sindano huingizwa chini zaidi, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, na neva zile huipisha kama nyuzi za tambi zinavyopisha uma. Kwa mtoto mchanga ugwe hushuka chini kidogo kuliko wa mtu mzima, na wahudumu wanajua, wanateremka zaidi.

Aliyepooza alipoozeshwa na ugonjwa. Sindano ilikutwa tu kwenye eneo la tukio. Maumivu ya kichwa kwa siku chache baada yake, hayo ni ya kweli, sitayaficha.

Akina mama waliojifungua kwa upasuaji nao huilaumu sindano ya ganzi kwa mgongo unaouma miaka baadaye. Tafiti hazijaonyesha kwamba ndiyo chanzo. Miezi tisa ya mzigo mbele, misuli ya tumbo iliyotanuka, ligamenti za nyonga zilizolegezwa na homoni, kisha miaka miwili ya kubeba mtoto upande mmoja: hayo yangetosha kuuma mgongo hata wa asiyewahi kuona sindano.

"Uso umepinda, amepigwa na upepo"

Au jini, kutegemea nani anasimulia. Misuli ya uso hupewa amri na neva inayopita katika tundu jembamba la mfupa nyuma ya sikio. Ikivimba humo haina pa kupanukia, na nusu ya uso inalala. Tazama paji la uso. Neva yenyewe ikiwa ndiyo imeumia, upande ule paji halikunjiki kabisa. Katika kiharusi cha kawaida paji bado hukunjika, kwa sababu sehemu hiyo hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Usijipime nyumbani ukatulia, lakini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa za kupunguza uvimbe hufaa zaidi ndani ya siku 3 za mwanzo. Na jicho lisilofumba lifunikwe lisikauke.

Mengine kwa haraka

Misuli ya kukunja vidole haimo vidoleni. Shika mkono wako chini ya kiwiko, kisha chezesha vidole: unasikia nyama ikicheza huko juu. Vidole ni vikaragosi, kano ndizo kamba.

Msuli hausukumi, huvuta tu. Hata ukisukuma gari lililokwama matopeni, kuna msuli wa nyuma ya mkono unaovuta kiwiko kikanyooka.

Na maumivu ya siku ya pili baada ya kupanda kilima cha Riat na kushuka si "asidi" iliyoganda miguuni. Ile asidi huondoka ndani ya saa moja hivi. Yanayouma ni majeraha madogo sana ndani ya nyuzi za msuli, na yanaletwa zaidi na kushuka kuliko kupanda, kwa kuwa ukishuka msuli hukazwa huku unarefushwa.

"Ligamenti ni kamba tu"

Nirudi kwa yule wa bodaboda. Uvimbe uliisha, akarudi kazini, na ndani ya miezi miwili mguu ukapinduka tena, safari hii kwenye sakafu tambarare. Akaamini sasa kwamba kuna mkono wa mtu.

Ligamenti zina ncha za neva zinazoueleza ubongo kila wakati kiungo kimelalia upande gani, hata gizani. Ikichanika, habari hizo nazo hukatika au huchelewa. Wayo unaanza kupinduka, na misuli ya kuuzuia inapata taarifa wakati umeshapinduka. Mafuta ya kukanda hayafundishi neva. Nilimpa zoezi: kusimama kwa mguu mmoja wakati anapiga mswaki, kwanza macho wazi, baadaye yakiwa yamefumbwa.

Siku ya tano wenzake walimkuta stejini akifanya vivyo hivyo akisubiri abiria, macho kayafumba. "Omera, unaomba?" mmoja akamuuliza. Hakufungua macho. Alikuwa amefika sekunde ya 22.