Ukaazi wa kudumu Ujerumani: anza na miezi ya pensheni, miaka itafuata

Wengi wanaofika kwenye meza yetu ya ushauri huja wakiwa wameshahesabu miaka. Aliingia Ujerumani mwezi fulani, miaka mitano imetimia, sasa anataka fomu ya ukaazi wa kudumu ajaze na kuondoka. Sisi humuuliza kwanza: umechangia pensheni miezi mingapi? Mara nyingi jibu ni kimya, au "nimekuwa nikifanya kazi tu." Makala haya yanahusu kimya hicho, maana maombi mengi tunayoyaona yakikwama hukwamia hapo.

Kibali chenyewe huitwa Niederlassungserlaubnis. Kadi ina tarehe ya mwisho na hubadilishwa, lakini haki ya kuishi nchini haina kikomo. Mwenye kibali hiki hafungwi na mwajiri mmoja, anaweza kufungua biashara yake, na akipoteza kazi haanzi kuhesabu siku za kuondoka. Kwa Mkenya, kinaweza kuwa kituo cha njiani tu. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na Ujerumani nayo, tangu 27 Juni 2024, haimtaki anayeomba uraia wake aukane ule wa kwanza. Kwa Mtanzania mambo ni tofauti. Sheria ya kwao bado haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo asiyetaka kuupoteza Utanzania wake, kibali hiki ndicho kikomo cha safari yake. Ndiyo sababu nasema Mtanzania akiandae kwa umakini zaidi, ingawa kwa uzoefu wangu Wakenya ndio wanaoulizia mapema.

Kanuni ya jumla iko katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Ukaazi: miaka mitano ya kuishi nchini kwa kibali halali, pamoja na michango ya miezi 60 katika mfuko wa pensheni wa serikali. Kuna njia fupi kwa wafanyakazi wenye ujuzi, nayo iko katika kifungu cha 18c. Tangu Novemba 2023 mfanyakazi mwenye ujuzi uliotambuliwa huhitaji miaka mitatu na michango ya miezi 36. Awali ilikuwa miaka minne. Aliyemaliza mafunzo ya fani au shahada hapa Ujerumani huhitaji miaka miwili na michango ya miezi 24. Mwenye Blue Card, yaani kibali cha Umoja wa Ulaya cha wataalamu, huhitaji miezi 27 akiwa na Kijerumani cha kiwango cha A1 (cha mwanzo), au miezi 21 akiwa amefika B1 (cha kati). Wenza wa raia wa Ujerumani na wakimbizi wana vifungu vyao, na hao sitawagusa hapa.

Hiyo miaka mitatu ina mtego, na wanaonaswa zaidi ni wauguzi. Chukua muuguzi mwenye diploma kutoka Kenya. Anaingia kwa kibali cha kifungu cha 16d, yaani cha kukamilisha utambuzi wa cheti chake, na anafanya kazi kama msaidizi wodini huku akijiandaa kwa mtihani. Utambuzi unachukua mwaka na nusu. Ndipo anapata kadi mpya yenye kifungu cha 18a, cha mfanyakazi mwenye ujuzi. Kwake yeye amekuwa muuguzi tangu siku ya kwanza aliyovaa sare. Kwa sheria, miaka yake mitatu imeanza siku ile alipopewa kibali cha 18a. Michango ya pensheni aliyokatwa akiwa msaidizi haipotei, inaingia kwenye ile miezi 36, lakini muda wa kibali hauingii. Vivyo hivyo kwa aliyekuja kusomea fani: muda wa mafunzo una kibali chake, na miaka miwili huanza baada ya kuhitimu na kupewa kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi. Kwa hiyo toa kadi zako zote, za zamani na za sasa, na usome namba ya kifungu iliyochapishwa kwenye kila moja. Hizo namba ndizo afisa wa ofisi ya uhamiaji atakazozisoma.

Sasa tuje kwenye pensheni yenyewe. Chukua hati yako ya mshahara, Lohnabrechnung, uangalie sehemu ya makato ya bima za jamii. Utaona herufi RV. Hizo ni Rentenversicherung, mfuko wa pensheni, kama NSSF ya nyumbani. Mchango ni asilimia 18.6 ya mshahara, nusu unakatwa wewe na nusu analipa mwajiri. Kwa mshahara wa euro 3,000 kabla ya makato, fungu lako ni euro 279. Ukiona kiasi pale, mwezi huo umehesabika. Ukiona sifuri, uliza siku hiyohiyo.

Sifuri hutoka wapi? Mara nyingi ni kazi ndogo ya Minijob. Siku ya kusaini mkataba mwajiri huweka mbele yako karatasi moja ya ziada, ya kuomba usikatwe pensheni. Watu husaini kwa sababu inawaachia asilimia 3.6 ya mshahara mfukoni. Kwa kazi ya euro 500 hiyo ni euro 18 kwa mwezi, na bei yake ni mwezi usiohesabiwa. Kwa anayetaka ukaazi, usisaini. Mwanafunzi anayefanya kazi za Werkstudent anakatwa pensheni hata kama hakatwi bima ya afya ya mfanyakazi, na hiyo ni heri kwake, ingawa muda wenyewe wa masomo huhesabiwa nusu tu kwenye ile miaka mitano. Aliyekuja kama au pair, yaani kuishi na familia na kuisaidia kulea watoto, hakuchangia chochote mwaka ule, kwa kuwa posho ya au pair si mshahara. Anayejitolea kwa mwaka chini ya mipango ya FSJ au BFD, kinyume na wengi wanavyodhani, anachangiwa na taasisi anayoitumikia. Mafunzo ya fani yenye malipo yanahesabika. Mafunzo ya darasani matupu yasiyo na malipo hayahesabiki.

Kuna jambo jingine ambalo husababisha majuto. Mtu asiye raia wa Umoja wa Ulaya anaporudi nyumbani moja kwa moja, baada ya miezi 24 anaweza kuomba arudishiwe fungu lake la michango. Pesa ile huonekana tamu, hasa kama kuna kiwanja kinachongoja kulipiwa. Lakini ukirudishiwa, rekodi yako inafutwa. Ukija tena Ujerumani baada ya hapo, unaanza na mwezi wa kwanza. Mwenye wazo hata dogo la kurudi afikirie mara mbili.

Mara moja kwa mwaka, omba mfuko wa pensheni wakutumie Versicherungsverlauf, yaani historia ya michango yako. Ni bure, unaiomba mtandaoni au kwa simu, inakuja kwa posta. Isome mwezi kwa mwezi. Ukikuta pengo wakati ambao ulikuwa kazini na ulikatwa, usinyamaze, kwani sheria iko upande wako: ukiweza kuonyesha kwamba fungu lako lilikatwa kwenye mshahara, mchango huo huhesabiwa kuwa umelipwa hata kama mwajiri hakuufikisha. Ushahidi ni hati za mshahara. Zitunze zote, na usizitegemee kubaki kwenye simu au kwenye tovuti ya kampuni, kwa kuwa ukiacha kazi mlango wa tovuti ile hufungwa.

Akina mama hutuuliza kuhusu miaka ya kulea. Kwa kila mtoto mfuko wa pensheni hutambua hadi miaka mitatu ya malezi, ila hauitambui wenyewe, ni lazima uombe kwa fomu V0800. Tena chini ya kifungu cha 9, kwa wanandoa wanaoishi pamoja, inatosha mmoja wao kuwa na michango ya miezi 60. Kwa mwenza wa mtu aliyekwishapata ukaazi kupitia 18c kuna nafuu zaidi: miaka mitatu ya kibali na kazi ya angalau saa 20 kwa wiki.

Mengine ni mepesi kidogo. Kijerumani ni B1 isipokuwa kwa ile njia ya Blue Card. Mtihani wa Leben in Deutschland, wa kupima unavyoijua nchi na sheria zake, una maswali 33, ada yake ni euro 25. Majibu 15 sahihi yanatosha kwa ukaazi, lakini lenga 17, kwa maana cheti hichohicho utakitumia ukija kuomba uraia, na huko 17 ndiyo kiwango. Kipato kiwe kinatosha familia bila msaada wa kujikimu wa serikali. Posho ya watoto, Kindergeld, haihesabiwi kuwa msaada wa serikali, kwa hiyo usiogope kuipokea. Nyumba nayo hupimwa: mita za mraba 12 kwa kila mtu aliyevuka miaka sita, na 10 kwa mtoto aliye chini ya hapo. Wazazi wawili wenye watoto wa miaka minane na minne wanahitaji mita 46. Ada ya kibali kwa kawaida ni euro 113. Yeyote anayekutaka umpe zaidi ya hapo akidai "ana mtu ofisini" anakuibia. Ushauri wa Migrationsberatung kwa wahamiaji watu wazima ni bure, na uko karibu kila mji.

Kuhusu muda wa kuomba, kuna familia ambazo siku moja inaleta tofauti kubwa. Mtoto anayezaliwa Ujerumani na wazazi wageni anapata uraia wa Ujerumani kwa kuzaliwa ikiwa mmoja wa wazazi, siku ya kuzaliwa kwake, ameishi nchini kihalali kwa miaka mitano na ana haki ya ukaazi isiyo na kikomo. Masharti yote mawili lazima yawe yametimia siku ile. Mama mjamzito mwenye miaka sita nchini na kibali cha muda, ambaye angeweza kuomba ukaazi mwaka jana akaahirisha, mtoto wake hatapata. Kwa hiyo tukisikia habari njema ya mimba, baada ya hongera tunauliza kibali.

Mahali ambapo miadi inachukua miezi, tuma maombi kwa maandishi kabla kibali cha sasa hakijaisha, na katika barua hiyohiyo uombe kibali chako cha sasa kiongezwe iwapo ukaazi utakataliwa. Ukiomba kabla ya tarehe ya mwisho, haki zako zinaendelea mpaka uamuzi utoke, na ofisi hukupa karatasi ya muda, Fiktionsbescheinigung, ya kumwonyesha mwajiri. Pia angalia pasipoti isije ikaisha katikati, kwani kuibadilisha kunaweza kukupeleka ubalozini Berlin, na safari hiyo kutoka Munich si ya mchana mmoja.

Ukishakipata kibali cha kudumu, kuna njia moja ya kukipoteza bila kosa lolote: kukaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita mfululizo. Kibali kinakufa chenyewe, bila barua. Tunaona haya kwa watu waliokwenda kumuuguza mzazi, siku zikapita. Ofisi ina mamlaka ya kukuruhusu muda mrefu zaidi, lakini uombe kabla miezi sita haijaisha, na upate jibu kwa maandishi. Waliokaa nchini kihalali miaka 15 na wenye kipato cha kutosha wana kinga, na hivyo pia anayeishi na mwenza Mjerumani. Wengine wanaojua watakuwa na safari ndefu nyumbani waangalie kibali kingine, Daueraufenthalt-EU, ambacho huvumilia miezi 12 nje ya Umoja wa Ulaya. Nacho kinadai miaka mitano, na katika miaka hiyo usiwe umekaa nje zaidi ya miezi sita mfululizo wala zaidi ya miezi kumi kwa jumla. Sheria haikukatazi kuwa na vyote viwili, kwa hiyo aliyepata cha kwanza kwa njia fupi ya 18c anaweza kuomba cha pili mwaka wake wa tano ukitimia.